Musa Aliwatuma Kwenda Kuona

Masomo: Hesabu 13:17-25, Matendo ya Mitume 28:1-6

Tunawasalimu ninyi mnaotusikiliza hapa Goma, ninyi wa Sake na Minova, na ninyi ambao redio haiwafikii vizuri na mnangojea karatasi hii mlangoni mwa kanisa siku ya Mungu.

Leo tunazungumza juu ya watoto wetu wa sekondari na zile safari ambazo shule zinaomba tuwalipie. Tunajua neno hilo linavyopokewa nyumbani. Mtoto akitaja tu ekskursio, baba anashika mfuko, mama anashika kichwa. Minervali yenyewe haijaisha kulipwa, sasa wanataka na pesa za basi!

Fungueni Hesabu 13. Mungu alikuwa amekwisha kusema na Musa juu ya nchi ya Kanaani. Neno la Mungu lilikuwepo, na Musa aliliamini. Hata hivyo alichagua watu 12, mmoja kwa kila kabila, akawatuma waende kuona kwa macho yao. Tena hakuwatuma ovyo. Tazameni mistari ya 18 hadi 20: aliwapa maswali. Watu wa kule wana nguvu ama ni dhaifu? Ni wachache ama wengi? Wanakaa katika kambi ama katika miji yenye kuta? Udongo ni mzuri ama ni maskini, na miti iko? Akawaagiza pia walete matunda. Walitembea siku 40, wakarudi na kichala cha zabibu ambacho watu wawili walikibeba kwa mti, pamoja na makomamanga na tini. Mwalimu wa jeografia akisoma mistari hiyo atacheka, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi ya maswali anayowapa wanafunzi kabla hawajapanda basi.

Mtu atatuambia: lakini kumi kati yao walirudi na habari mbaya, na taifa zima likalia usiku kucha. Ni kweli. Lakini someni vizuri. Watu wale warefu walikuwepo kweli, na kuta zilikuwepo kweli. Yoshua na Kalebu hawakuzikana. Wote 12 waliona vitu vilevile. Walipotofautiana ni moyoni, wala si kwa kuwa walikwenda kuangalia. Tunalisema hili kwa sababu andiko hilohilo lilitumiwa mbele yetu katika mkutano wa wazazi, ili watoto wasiende. Na sisi tulisema amina.

Acheni tuwasimulie.

Ilikuwa miaka michache kabla ya volkano ya 2021. Shule moja ya hapa mjini, ambako watoto wengi wa kanisa letu wanasoma, iliita komite ya wazazi. Mwalimu wa biolojia na kemia alitaka kuwapeleka wanafunzi wa mwaka wa nne mahali pawili kwa siku moja. Asubuhi waende kwenye Observatoire Volcanologique, wanakochunguza mlima wetu Nyiragongo. Mchana waende kando ya ziwa, upande wa magharibi kuelekea Sake, wakaone mashimo ya mazuku. Aliomba dola mbili kwa kila mtoto, na kila mmoja aje na mkate wake.

Mkutano ukawaka. Mmoja alisema dola mbili ni chakula cha nyumba yake cha siku mbili, na hakudanganya. Mwingine akauliza nani atawalinda wasichana na wavulana wakiwa mbali na nyumba. Kisha shemasi mmoja wa kwetu akasimama. Akasema mazuku ni mahali pa mapepo, hata jina lenyewe wazee walilitoa kwa upepo mbaya, na hatuwezi kulipa pesa ili watoto wetu wapelekwe kwa mapepo. Hapo ndipo amina zilisikika. Sisi tunaotayarisha kipindi hiki tulikuwa wanne katika chumba kile, na wote wanne tulimuunga mkono.

Prefe wa shule hakugombana. Aliuliza swali moja tu: "Wazazi, mnaishi Goma. Mlima huu mtaficha watoto wenu mpaka lini?"

Binti wa yule shemasi alikwenda. Mama yake aliuza sambaza siku tatu mfululizo, akatoa zile dola mbili, na baba akanyamaza. Namna mambo hayo yanavyotatuliwa nyumbani mnaijua.

Walichokiona asubuhi tutakipita haraka. Waliona mashine zinazoandika mitetemeko ya ardhi. Waliambiwa waruke wote mara moja, nao wakaona mstari ukiruka kwenye kioo, wakacheka sana. Walijifunza kwamba mlima una mita zaidi ya 3,400 juu ya bahari, kwamba mwaka 1977 lava ilishuka kwa mbio na kuua watu vijijini, na kwamba tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji wetu mpaka ziwani. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Nyumba zao zimejengwa juu ya mawe hayo na hawakuwa wamewahi kuuliza yalitoka wapi.

Mchana ndio tunaotaka mwuelewe. Shimo la mazuku halitishi. Ni bonde dogo tu katika mawe ya lava, majani yamelizunguka, na mtu anaweza kupita kando yake miaka kumi asijue. Mwalimu aliwasimamisha wote juu, pembeni, mahali pa upepo, akapiga mstari ardhini ambao hakuna ruhusa ya kuuvuka. Alikuwa na fimbo ndefu ya mianzi. Kwenye ncha alifunga mshumaa uliowashwa, akaushusha polepole ndani ya shimo. Ulipofika chini kidogo, ukazimika. Hakuna upepo uliovuma. Akaurudisha, akauwasha, akaushusha tena. Ukazimika mahali palepale. Mara ya tatu, vilevile. Chini kabisa waliona panya aliyekufa na ndege wawili.

Kisha akawaeleza. Chini ya ardhi yetu kuna moto, na kutoka kule gazi ya karboniki inapanda kupitia nyufa za lava ya zamani. Ni ileile tunayoitoa puani tunapopumua, lakini huku inatoka nyingi. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Ina uzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, basi inafanya kama maji: inatafuta mahali pa chini na kulala hapo. Usiku usio na upepo inajaa. Alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi. Jua likipanda na upepo ukivuma, inatawanyika, na mahali palipoua mbuzi saa kumi na moja asubuhi panaweza kuwa salama saa saba mchana. Hewa tunayovuta ikiwa na asilimia kumi tu ya gazi hiyo, mtu anaanguka kwa dakika chache. Tena mwalimu aliongeza neno ambalo tunaomba kila mzazi alishike: mshumaa ukizimika, kimbia, lakini mshumaa ukiwaka, hiyo si ruhusa ya kushuka, maana gazi inaweza kumdhuru mtu kabla ya kuzima moto.

Juma lililofuata walirudia jambo hilo darasani. Walikata karatoni, wakafanya ngazi tatu ndani ya beseni, na kwenye kila ngazi wakasimamisha mshumaa mdogo. Chini kabisa wakaweka bikarbonati, ileile ambayo mama anatia katika maharage, kisha wakamimina siki juu yake taratibu. Povu likapanda. Mshumaa wa chini ukazimika. Baadaye kidogo wa katikati. Wa juu ukabaki ukiwaka. Kila mwanafunzi aliandika alichokiona, akachora, akapewa pointi. Jambo hilo lingeishia hapo.

Katika mwezi wa saba, watoto wakiwa likizoni, mtoto wa miaka mitano alikufa katika kartie yetu.

Alikuwa ametoka alfajiri na nkambo wake kutafuta kuni kando ya ziwa. Walirudi kwa njia ya mkato. Mtoto alitangulia, akashuka mahali fulani, akachuchumaa kuokota kitu, akalala. Yule mama mzee alirudi nyumbani peke yake akipiga kelele. Watu walipokwenda kumchukua mtoto, jua lilikuwa limekwisha kupanda. Hakuna aliyedhurika, hakuna aliyeona kitu. Mwili haukuwa na jeraha, wala nyoka hakuonekana.

Kabla ya jioni neno lilikuwa linazunguka kwenye matanga. Walikuwa wawili, mahali pamoja, saa moja. Kwa nini mdogo afe na mzee abaki? Amemla. Ni mlozi. Mkamwana wake alikumbuka kwamba mwaka uliopita mbuzi wao wawili walikufa kulekule. Vijana wa avenyu walianza kutafuta matairi. Ninyi mnaokaa huku mnajua tairi ni ya kazi gani.

Na sisi? Tutasema ukweli, kwa kuwa tuko mbele za Mungu. Wawili kati yetu tulikwenda nyumbani kwake usiku ule. Hatukwenda kumfariji. Tulikwenda kumwombea ili "akubali". Tulimwekea mikono kichwani, tukakemea kwa sauti kubwa, majirani wote wakisikia, na kwa kelele zile tuliwapa uhakika waliokuwa bado wana shaka. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: mama, ilikwendaje?

Binti wa shemasi ndiye aliyemuuliza. Alikuwa na miaka 16. Alikwenda kukaa naye kama watoto wa jirani wanavyofanya, akampelekea uji, akamuuliza. Mama mzee akamwambia kwamba alipoinama kumwinua mtoto kichwa kilizunguka, magoti yakaisha nguvu, akadhani naye anakufa. Akajivuta kwa mikono mpaka juu. Alipopata pumzi, akakimbia kuita watu.

Binti akaenda kwa baba yake. Tunajua alilia, kwa sababu baba yake mwenyewe alitusimulia. Alimwambia: "Papa, ni mazuku. Mtoto ni mshumaa wa chini."

Asubuhi ya pili, wazee walipokaa kuhukumu, shemasi alisimama akaomba ruhusa binti yake aseme. Si jambo rahisi kwetu, msichana kusema mbele ya wazee kwenye kilio. Alipiga magoti, akasema, "Baba zangu, mama zangu, mnisamehe, nataka tu kuwaonyesha kitu." Akaweka beseni chini. Akatoa karatoni yake ileile ya darasani, iliyokwisha kulegea kwa unyevu, na mishumaa mitatu. Siki ilitoka kwa jirani. Alisema mshumaa wa chini ni mtoto aliyechuchumaa, wa katikati ni mama mzee aliyeinama, wa juu ni mtu mzima aliyesimama. Akamimina.

Wapendwa, kelele zote za kilio zilinyamaza. Wa chini ukazimika. Wa katikati ukayumba, moto wake ukawa mdogo, mdogo, kisha nao ukazimika. Mzee mmoja akasema arudie. Akarudia. Akasema arudie tena. Siki ikaisha.

Mwalimu aliitwa. Kesho yake kabla ya jua, wazee watano walikwenda naye mahali pale na fimbo na mshumaa. Walisimama juu. Mshumaa ulizimika kwenye urefu wa goti la mtu mzima.

Vijana walirudisha matairi.

Katika Matendo 28 Paulo ametoka kwenye merikebu iliyovunjika, amefika Malta, mvua inanyesha, anaokota kuni. Nyoka anamshika mkono. Wenyeji wanaamua papo hapo: huyu ni mwuaji, haki imemfuata. Wanangoja avimbe. Havimbi. Basi wanageuza mawazo na kusema ni mungu! Mara mbili wanahukumu na mara mbili wanakosea, wakati jambo lilikuwa wazi: joto la moto lilimtoa nyoka katika kuni, na Luka aliliandika hivyo bila kuongeza kitu. Tulikuwa tumehubiri andiko hilo mara nyingi, siku zote tukijiweka upande wa Paulo. Mwaka ule tulijiona upande wa watu wa Malta.

Kuna atakayetuuliza kama siku hizi hatuamini tena mapepo. Tunaamini. Tumeona watu wakifunguliwa katika jina la Yesu na hatutanyamaza juu ya hilo. Lakini tulikemea gazi. Gazi haina masikio. Aliyekuwa na masikio ni yule mama mzee. Tulikwenda kumwomba msamaha, wanne wote, na shemasi wa tano. Alitupa viti. Alisema ametusamehe. Kanisani alirudi baada ya miezi minane, na hatuna la kumlaumu kwa miezi hiyo.

Shule ilipofunguliwa, lile darasa lilifanya jambo ambalo hakuna aliyewaagiza. Waligawana kartie, wakapita nyumba kwa nyumba na daftari wakiuliza: mbuzi wenu alifia wapi, mbwa wenu alifia wapi, saa ngapi, kulikuwa na upepo? Wazee wakapata cha kusimulia. Walichora ramani kwenye karatoni kubwa, wakaomba mafundi mabaki ya rangi nyekundu, wakapaka mawe kuzunguka kila shimo walilolithibitisha pamoja na mwalimu. Mbuzi hasomi rangi, bado wanakufa. Lakini akina mama wanajua njia gani hawapiti na watoto alfajiri.

Halafu ikaja ile jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ikawa nyekundu. Hamhitaji tuwasimulie. Lava ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji. Tarehe 27 tuliambiwa tuondoke, na barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro, chukudu, watoto waliotengana na wazazi wao. Usiku watu walilala popote. Vijana wa lile darasa, wengine wakiwa wamekwisha kupata diplome, walikuwa wanapita kati ya familia wakisema: msilale bondeni, pandeni, laleni juu. Walitukanwa kidogo. Familia kadhaa zilipanda.

Sasa turudi kwenye mfuko wa baba. Hatusemi kila ekskursio inafaa. Kuna shule moja ilichanga pesa, ikawapeleka watoto ufukoni na bafle kubwa, wakapiga picha, wakarudi na harufu ya pombe. Mzazi aliyekataa safari kama ile alifanya vema. Basi ulizeni. Mwalimu ameandaa maswali gani, kama Musa? Wakirudi wataleta nini? Walimu ni wangapi, na kuna mama mmoja anayekwenda na wasichana? Mwalimu mwenye jambo la kweli hachukii maswali hayo, anafurahi kuulizwa. Tena si lazima kwenda mbali. Kuna darasa lililojifunza kupima dawa ya klori katika maji ya ziwa, ngapi kwa bidoni moja, na kungoja nusu saa kabla ya kunywa; hawakupanda basi lolote. Na ziwa lenyewe, lenye gazi ya metani kwenye vilindi vyake ambayo wenzetu wa Rwanda wanaichoma kupata umeme kule Karongi, bado watoto wengi wanalijua kama mahali pa kufulia nguo tu.

Tangu 2019 shule za msingi za serikali hazilipiwi, lakini sekondari bado iko juu ya mabega ya wazazi, na tunaona mabega hayo yamechoka. Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubali jambo hili: sadaka ya siku ya Mungu ya mwisho wa mwezi, ile ya kikapu cha pili, italipia basi la watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Majina yanapelekwa kwa mama wa watoto, naye hatayasoma mbele ya watu.

Safari inayokuja ni jumamosi ya tatu ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya kanisa. Mtoto aje na viatu vinavyofungwa, siyo kandambili, na daftari, kalamu, mkate na chupa ya maji yaliyotiwa dawa. Walimu wawili watakwenda, pamoja na mama mmoja wa kikundi cha sala, na yule binti wa shemasi, ambaye sasa anasoma jeolojia. Fimbo ya mianzi ataileta yeye. Tunaomba mtu mmoja ajitolee mishumaa.